Fomu ya Mwezi wa Sita

Habari za mtihani ule nilizipata kituo cha basi, kwa Kiswahili, kutoka kwa bibi wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2013, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Kent, kando ya mto Thames, ambako nilikuwa nimeishi miaka minane bila kusikia Kiswahili nje ya mlango wangu. Alinisikia nikimkemea kijana wangu atoke ukingoni mwa barabara, akageuka, akacheka, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kile cha dukani ambacho Wahindi wengi wa Kenya na Uganda waliondoka nacho: "Mama, toto yako iko darasa ngapi?" Nikamjibu kwamba yuko mwaka wa tano, na Septemba anaingia wa sita. "Umeandikisha yeye mtihani?" Nikamuuliza, "Mtihani gani, bibi?" Alinitazama, akamtazama mtoto, akapunguza sauti kama mtu anayetoa habari za msiba. "Ile ya kwenda shule mazuri. Imefunga wiki ilipita."

Basi langu lilikuja, nikaliacha lipite.

Baadaye nilikuja kujua yale ambayo akina mama wa mitaa ya juu waliyajua tangu watoto wao wakiwa chekechea. Kent ni miongoni mwa maeneo machache ya England ambako watoto bado huchujwa wakiwa na miaka kumi au kumi na moja. Wanaofaulu huweza kwenda shule za grama, ambazo ni za serikali na hazina ada; wengine huenda sekondari za kawaida. Usajili hufunguliwa mwezi wa sita, mtoto akiwa mwaka wa tano, na hufungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba; mtihani ni Septemba, matokeo ni Oktoba, na ifikapo Oktoba 31 mzazi awe amejaza fomu nyingine ya kupanga shule anazozitaka, kisha asubiri majibu hadi Machi 1. Anayemsajili mtoto ni mzazi wake. Mwalimu mkuu hamsajili, mwalimu wa darasa hamsajili, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani hata kama ndiye kinara wa darasa zima.

Jambo hilo halikuniingia akilini. Mimi nilisoma Tanga, ambako majina ya watahiniwa wa darasa la saba yalipelekwa wilayani na mwalimu mkuu, na siku ya mtihani hata mtoto wa mvuvi aliyekuwa haonekani shuleni alifuatwa kwao na kiranja. Mchujo wetu ulikuwa mkali kuliko huu wa Kent, na wengi niliocheza nao rede uliishia kuwarudisha nyumbani moja kwa moja, lakini ulimfikia kila mtoto. Waliochaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe au Kilakala, walichaguliwa bila baba zao kujaza karatasi yoyote. Kwa hiyo nilikuja Uingereza na imani moja ambayo sikujua kuwa ni imani, kwamba mtihani unaoheshimiwa na serikali humfuata mtoto alipo.

Usiku ule nilipekua droo ya jikoni ninamotupia karatasi za shule, na barua nikaikuta. Ilikuwa imekuja ndani ya begi la mtoto, katikati ya tangazo la chawa, tangazo la safari ya ufukweni na ombi la kuchangia keki. Ilisema kwamba wazazi watakaopenda watoto wao wapimwe wanaweza kuwasajili mtandaoni. Watakaopenda! Katika Kiswahili cha ofisini nilichokulia, neno hilo huwekwa kwenye jambo lisilo na uzito. Jambo zito huandikwa "wazazi wote mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa", na pengine hupigiwa mstari. Kiingereza cha ofisi za huku kina desturi nyingine, nami nilichukua miaka kuizoea: kadiri jambo linavyokuwa kubwa ndivyo linavyosemwa kwa upole zaidi.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Mwalimu wake alinisikiliza kwa huruma ya kweli, akanieleza kwamba shule yao hairuhusiwi kuwaandaa watoto kwa mtihani huo, na kwamba yeye binafsi hapendi kuwasukuma wazazi upande wowote. Nilimuuliza kama mwanangu angefaulu. Akasema uwezo anao. Nilitoka nimelishika neno hilo kama mtu aliyepewa risiti ya kitu ambacho dukani kimekwisha.

Historia ya mambo haya niliisoma baadaye sana, nilipoanza masomo ya jioni ya shahada ya elimu nikiwa na umri wa kuwazaa baadhi ya wanafunzi wenzangu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, inayohusishwa na waziri R. A. Butler, ilifanya elimu ya sekondari kuwa ya bure kwa watoto wote, na katika utekelezaji wake ukaenea mpango wa shule za aina tatu: za grama kwa waliofaulu mtihani wa miaka kumi na moja, za ufundi kwa wachache, na nyingine zilizoitwa za kisasa kwa walio wengi. Za ufundi hazikujengwa ila chache mno, ikabaki njia panda ya waliofaulu na waliofeli. Mwaka 1965 waziri wa elimu Anthony Crosland alitoa waraka uliozitaka halmashauri ziuache mchujo na kuwa na sekondari za watoto wote. Waraka uliomba, haukuamuru, na halmashauri zilizoupenda mfumo wa zamani zikasuasua hadi Margaret Thatcher alipoingia katika wizara hiyo mwaka 1970 na kuuondoa. Ndiyo sababu leo England ina shule za grama 163, na 32 kati ya hizo zimo Kent, ilhali mtoto anayezaliwa mikoa mingine mingi hatausikia mtihani huo maisha yake yote. Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kuanzisha shule mpya za namna hiyo, ikawapa wazazi nafasi ya kupiga kura kuufuta mchujo kwenye zilizopo. Kura hiyo imepigwa mara moja tu, mjini Ripon mwaka 2000, na wazazi wakaamua mambo yabaki kama yalivyo. Waingereza wanaona uchungu kuvunja kitu cha zamani. Wanakizungushia uzio, kisha wanapanga foleni langoni.

Septemba 2014 kijana wangu alianza sekondari ya kawaida. Basi la asubuhi lilikuwa lilelile kwa watoto wote wa mtaani. Kituoni walisimama watoto waliokuwa wamekaa meza moja kwa miaka saba, baadhi wamevaa koti la shule la rangi moja na wengine la rangi nyingine, na kabla mwezi haujaisha makundi mawili yalikuwa yakisimama pande mbili za kibanda pasipo mtu yeyote kuwaamuru. Siku moja nilimuuliza rafiki yake wa zamani yu wapi. Alinijibu bila kinyongo, kama anayetaja hali ya hewa: "Yule ni wa wale waliofaulu." Hakuwa amefeli, maana hakuufanya mtihani; lakini koti lake halikuweza kueleza hilo.

Ndani ya shule yenyewe kulikuwa na mchujo mwingine, mdogo na wa kimya. Wiki za mwanzo watoto walipimwa, wakagawanywa katika makundi ya hisabati, na yeye akawekwa kundi la nne kati ya matano. Sikujua. Ripoti za Tanga zilikuwa katili, lakini zilikuwa wazi: mwanafunzi wa 31 kati ya 48, aongeze bidii. Ripoti za huku hazina nafasi darasani. Zilisema kwamba ni kijana mwenye adabu, anayependeza kufundishwa, na kwamba "anaelekea" kwenye kiwango kinachotarajiwa. Nilibandika ripoti moja ya namna hiyo kwenye friji, nikampigia mama yangu simu kumpa habari njema kwamba mjukuu wake anaelekea. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu msaidizi katika shule nyingine nilipogundua, nikipanga mafaili ya wanafunzi wengine, kwamba neno hilo ndilo linaloandikwa kwa mtoto aliye chini ya kiwango. Yule mwalimu hakudanganya hata kidogo. Aliandika kwa wazazi wanaojua kusoma maandishi hayo, na nadhani aliamini kwamba sote tunajua.

Mwisho wa njia ile ulikuwa karatasi ya mtihani. Hisabati ya GCSE, mtihani wa taifa ambao watoto wa huku hufanya wakiwa na miaka kumi na sita, hufanywa kwa ngazi mbili, na katika ngazi ya chini alama ya juu kabisa mtoto anayoweza kupata ni 5, hata akijibu kila swali sawasawa, wakati ngazi ya juu hufika 9. Walio katika makundi ya chini huandikishwa ngazi ya chini. Mwaka 2019 kijana wangu alipata 5, yaani alifika kwenye dari ya chumba alichowekwa. Shule tuliyoiomba kwa ajili ya kidato cha tano na cha sita ilitaka 7 kwa anayesoma hisabati. Mlango huo, kwa kweli, ulikuwa umefungwa akiwa na miaka kumi na minne, kwenye mkutano wa wazazi wa dakika tano ambao mwalimu alisema kwamba hana wasiwasi naye. Leo ni fundi umeme, ana gari lake na kipato chake kinanizidi, na anapoona ninaandika mambo haya hucheka. Sikusudii kumlilia. Ninachohesabu ni mara ngapi katika safari yake palikuwa na uamuzi, na ni mara ngapi mimi nilijua kwamba panaamuliwa jambo.

Mwaka alioanza sekondari ndio mwaka nami nilipata kazi katika shule ya msingi, kusimamia watoto wakati wa chakula cha mchana. Kwa anayetaka kuielewa shule ya Kiingereza ningemshauri aanzie kantini. Septemba ile ile ya 2014 serikali ilianza kuwapa chakula cha bure watoto wote wa England wa miaka mitatu ya mwanzo, matajiri kwa maskini, na wengi tulifurahi. Haikupita muda mwalimu mkuu akaniita ofisini akiwa na shida isiyo ya kawaida. Tangu mwaka 2011 shule hupewa fedha za nyongeza kwa kila mtoto anayestahili chakula cha bure kwa sababu ya kipato cha wazazi, na, kuanzia mwaka 2012, hata kwa ambaye amewahi kustahili wakati wowote ndani ya miaka sita. Katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 fedha hizo zilikuwa pauni 1,480 kwa mtoto wa msingi na pauni 1,050 kwa wa sekondari. Lakini hazitolewi mpaka mzazi ajaze fomu, na sasa mama wa mtoto wa darasa la kwanza, ambaye mwanawe anakula bure vyovyote vile, hakuiona sababu ya kujaza. Sahani ilikuwa imejaa huku shule ikipoteza fedha za kumlipa mtu kama mimi. Nikapewa kazi ya kusimama getini na fomu mkononi.

Hapo getini nilijifunza kwamba fomu moja husomwa kwa namna nyingi. Iliuliza namba ya bima ya taifa ya mzazi, au namba ya anayesaidiwa kama mwomba hifadhi. Mama mmoja kutoka Afrika Magharibi aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia akisema wao si watu wa kuomba. Nilimfahamu kidogo, kibali chake kilikuwa na maneno yanayomzuia kupata fedha za umma, naye aliogopa kwamba jina lake likiandikwa popote penye neno "bure" litafika mbele ya afisa uhamiaji. Hakukosea kuogopa. Familia za hali yake zilifunguliwa mlango wa chakula hicho kwa muda mwaka 2020, na kwa kudumu miaka michache baadaye tu. Baba mmoja wa Kiingereza, mzaliwa wa mji huohuo, alikataa kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa amekula chakula cha bure utotoni, enzi za tiketi za rangi tofauti, na hakutaka mwanawe ajue ladha hiyo. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia kwamba sasa hivi haionekani nani analipa na nani halipi.

Niliamini hivyo mpaka nilipohamia sekondari mwaka 2017 kuwa mwalimu msaidizi. Huko watoto walilipa kwa kuweka kidole kwenye mashine, na kweli mashine haikutangaza jambo. Lakini fedha za wanaokula bure ziliingia kwenye akaunti zao saa ya chakula cha mchana peke yake. Saa ya mapumziko ya asubuhi, harufu ya mkate wa kuchomwa na nyama ilipojaa ukumbini, kulikuwa na watoto waliokwenda maktaba kila siku bila kukosa, na walimu waliwasifu kwa kupenda vitabu. Mimi nilijua saa zao za kupenda vitabu zilianza na kuisha lini.

Sasa nifike kwa binti yangu, maana ndiko aibu yangu iliko.

Yeye aliingia mwaka wa tano Septemba 2015, na safari hii sikusubiri kituo cha basi. Wanijeria niliosali nao walinieleza mambo yote: vitabu vya mazoezi vya kununua, mwalimu wa tuisheni wa kumpigia, maswali ya maumbo yanayozungushwa ambayo mtoto akiyaona mara ya kwanza siku ya mtihani amekwisha. Tuisheni ilikuwa pauni 25 kwa saa, kila Jumamosi, kwa miezi kumi. Nilichukua zamu za usafi usiku ili kuilipa, na mume wangu akaacha kutuma sehemu ya fedha alizokuwa akituma Tanga kwa ujenzi. Tuisheni haikunishangaza, kwani kwetu nako mtoto hufundishwa na mwalimu yuleyule asubuhi darasani na jioni sebuleni kwake. Kilichonishangaza ni kwamba mtihani ulioelezwa kuwa unapima kipaji ulikuwa na bei ambayo majirani zangu walikuwa wakiitaja kwa saa.

Wakati huo kantini nilifanya kazi bega kwa bega na mama mmoja Mwingereza mweupe, mpishi, wa miaka sitini na kitu. Alinifundisha kupanga trei, kumtambua mtoto anayeficha chakula mfukoni kwa ajili ya nyumbani, na kunyamaza nikishamtambua. Alikuwa akimlea mjukuu wake, msichana wa darasa moja na binti yangu. Wasichana hao walikuwa chanda na pete. Yule mjukuu alikuwa na akili ya kutisha; alijumlisha bei za sokoni kwa kichwa na kumsahihisha muuzaji, na vitabu vya mazoezi vya binti yangu alivijibu kwa kalamu ya risasi walipokuwa wakicheza chumbani, kisha wakafuta ili mimi nisijue. Niliziona alama za ufutio. Niliona pia kwamba majibu yake yalikuwa sahihi kuliko ya binti yangu.

Mwezi wa sita mwaka 2016 nilimsajili binti yangu siku ya kwanza, asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Kwa mwezi mzima uliofuata nilipangusa meza na bibi yule kila mchana, tukizungumza kuhusu magoti yake, kuhusu kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, kuhusu bei ya viazi, na sikumtajia fomu. Nilijiambia kwamba yeye ni mwenyeji na mimi ni mgeni, kwamba hawezi kukosa kujua. Nikajiambia pia kwamba si adabu kuingilia malezi ya mtu. Maneno yote mawili yalikuwa na ukweli wa kutosha kunilaza usiku. Lakini bibi wa Kisingasinga hakunijua jina, na kwa Kiswahili cha kuokoteza alivuka hatua tatu za kituo cha basi kuniuliza juu ya mtihani. Mimi nilikuwa na lugha, nilikuwa na tarehe, na nilikuwa na mwezi mzima.

Binti yangu alifaulu. Wiki aliyofanya mtihani ilikuwa karibu na siku ambayo Waziri Mkuu Theresa May alitangaza kwamba anataka kuruhusu tena shule mpya za grama, ili watoto wa familia za kawaida wapate nafasi. Katika mabishano yaliyofuata, takwimu zilizotajwa zaidi zilionyesha kwamba wanafunzi wanaostahili chakula cha bure hawakufika asilimia 3 ya wanafunzi wa shule hizo, ilhali katika sekondari za serikali kwa jumla walikuwa zaidi ya mara nne ya kiwango hicho. Mpango ule uliachwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2017. Mimi nilizisoma takwimu hizo nikiwa upande wa pili wa uzio kwa mara ya kwanza, nikaona jinsi mtu anavyoweza kuukasirikia utaratibu na wakati huohuo kununua sare yake.

Masomo ya jioni yalinipa majina ya vitu nilivyokwisha kuviona. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu aliuita mtaji wa kitamaduni ule ujuzi wa kukaa, kusema, kusoma barua na kuuliza swali ambao shule haiufundishi lakini huupa alama. Mwaka 2019 wakaguzi wa shule wa England waliliweka neno hilo katika mwongozo wao, wakitaka kila shule iwape wanafunzi mtaji huo. Shule niliyokuwa nikifanya kazi iliitikia kwa kuwapeleka mwaka wa nane makumbusho ya London kwa basi. Walikwenda, wakala sandwichi, wakarudi. Mtaji ambao Bourdieu aliuzungumzia ni kama ule wa mzazi aliyejua kwamba alama ya 5 ni dari, akaandika barua ya heshima kuomba mtoto wake abadilishiwe kundi, na akakubaliwa. Niliwaona wazazi wa namna hiyo. Hawakuwa wengi, na hawakuwahi kukataliwa mbele yangu.

Jambo jingine masomo hayo yalilivuruga kichwani mwangu, na nashukuru. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mtoto mweusi ndiye wa mwisho popote Uingereza. Historia inatoa sababu nyingi za kuamini hivyo. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alichapisha kijitabu kuonyesha jinsi watoto wa wahamiaji wa Karibi walivyokuwa wakisukumwa kwenye shule za watoto walioitwa punguani, mara nyingi kwa vipimo vilivyopima uzoefu wao wa Kiingereza cha huku kuliko akili zao, na hadi leo watoto wenye asili ya Karibi hufukuzwa shule kwa kiwango cha juu kuliko wastani. Lakini watoto wenye asili ya Afrika, kwa jumla, katika GCSE hawako nyuma ya wastani wa taifa, na miongoni mwa walio nyuma kabisa, pamoja na watoto wa Kiroma na wa wasafiri wa Ireland, wamo watoto weupe wa Kiingereza wanaokula chakula cha bure. Mwaka 2021 kamati ya elimu ya Bunge ilitoa ripoti nzima juu yao. Wapo wanaoitumia habari hiyo kama rungu la kuwapigia wahamiaji, na hilo ni jambo la hovyo. Kwangu habari hiyo ilikuwa na sura ya msichana mmoja anayejumlisha bei za sokoni kwa kichwa.

Yeye alikwenda sekondari ya kawaida, ileile niliyohamia mimi. Agosti 2020, alipokuwa na miaka kumi na minne, wanafunzi wetu wa kidato cha sita walipewa alama na kanuni ya kompyuta kwa kuwa mitihani ilifutwa kwa ajili ya korona. Kanuni hiyo iliangalia matokeo ya shule ya miaka ya nyuma, ikashusha karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu. Na kwa kuwa madarasa madogo sana yaliachiwa alama za walimu, shule binafsi, zenye madarasa madogo, zilinufaika. Ilitangazwa Alhamisi na kufutwa Jumatatu, baada ya vijana kuandamana. Siku hizo nne nilimwona msichana yule langoni akimsikiliza kijana mmoja wa shule yetu aliyeshushwa alama mbili. Akaniuliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, kama maana yake ni kwamba mtu akisoma hapa alama zake zimekwisha kuandikwa. Nilimwambia hapana. Nilisema haraka mno.

Bibi yake alikuwa amestaafu. Niliendelea kumtembelea, mara chache, na kila nilipokwenda nilibeba keki na neno ambalo sikulisema. Nililisema mwaka 2024, jikoni kwake, miaka minane baada ya kosa. Nilimwambia kwamba ule mwezi wa sita nilijua tarehe ya usajili na sikumwambia, na kwamba mjukuu wake angefaulu kuliko binti yangu.

Aliendelea kumimina chai. Akasema kwamba alijua. Barua aliisoma, na tangazo lilikuwa ukutani mwa kantini, juu ya birika, mahali ambapo yeye mwenyewe alilibandika kwa gundi ya karatasi kwa sababu katibu wa shule alimwomba. Akaniambia kwamba alifanya mtihani huo mwaka 1964. Kaka yake alikuwa amefaulu miaka miwili kabla na baba yao akamnunulia baiskeli, na yeye baiskeli yake ilikuwa imekwisha kuwekewa amana dukani, kwa kuwa wote nyumbani walikuwa na hakika naye. Bahasha ilipofika, baba alikwenda kuidai ile amana irudishwe. Alimpeleka dukani asubuhi ya Jumamosi, wakasimama kaunta pamoja, na muuza duka akauliza mbele ya watu kwa nini wanaghairi.

Alisema hakuweza kumpeleka mtoto kwenye kaunta hiyo. Kisha akasogeza sahani ya keki upande wangu, akaniuliza habari za kijana wangu na kama anaweza kuja kumtazamia taa ya ngazini, inayozimika yenyewe. Mjukuu wake wa pili, wa kiume, alikuwa mezani anachora. Alikuwa mwaka wa tano, na mwezi wa sita ulikuwa umebakiza wiki tatu kufika.